Saa Moja ya Kom Ombo

Nimechoka kusimulia kwa vipande. Anayekuja kupima gauni nampa kipande cha uwanja wa ndege, anayekuja kuchukua suruali nampa cha samaki, halafu wanakutana sokoni Konyokonyo na kila mmoja anaapa kwamba mimi Kiden ni mwongo. Basi nimekaa hapa barazani kwangu mtaa wa Juba Na Bari, cherehani nimeifunika, naandika yote tangu mwanzo. Atakayeniuliza tena nitampa daftari asome mwenyewe.

Tiketi mnajua zilivyopatikana. Duka la Kampala ninakonunua vitambaa lilichezesha bahati nasibu ya mafundi, jina langu likatoka, zawadi ikawa siku nne kwenye meli ya watalii huko Misri, watu wawili. Mambo ya karatasi na foleni zake sitaki hata kuyakumbuka.

Kila mtu aliniuliza nitakwenda na nani, na wengine walianza kunisalimia kwa upole ambao sijauzoea. Nilikwenda na Shangazi Poni, dada yake baba, aliyenibeba mgongoni mpaka Uganda wakati wa vita, akanilea, akanisomesha hadi Kitale. Na sikumchukua kwa shukrani tu. Shangazi ana mdogo wake mmoja, Keji. Siku risasi zilipoanza, Poni alikuwa shambani Rejaf na Keji alikuwa mjini na mumewe. Mmoja akakimbilia kusini, mwingine akapanda boti ya kwenda kaskazini. Kutoka siku hiyo hawakuonana tena, miaka thelathini na kitu. Keji aliishia mji mdogo unaoitwa Daraw, kando ya Nile, ambako marehemu mumewe alifanya kazi soko la ngamia. Simu ndiyo iliyowakutanisha tena miaka michache iliyopita, lakini simu ni sauti tu. Na meli yetu ilipangiwa kuanzia Aswan, mwendo mfupi tu kutoka Daraw. Mungu akupe nini tena?

Juba: orodha ya mavazi

Wenye meli walituma orodha ya nguo za kuvaa. Jamani, kumpa fundi orodha ya mavazi ni kumchokoza. Viatu visivyoteleza vya kutembelea mawe. Kofia pana. Kitu cha kufunika mabega. Jioni moja ya nguo nyeupe tupu, jioni nyingine ya kanzu za Kimisri. Nikachukua daftari nikachora mistari: kituo gani, tunashuka saa ngapi, Shangazi avae nini, mimi nivae nini. Aswan, siku nzima na Keji. Kom Ombo, hekalu. Edfu, hekalu kwa gari la farasi. Luxor, makaburi ya wafalme. Wiki tatu nilishona. Mama Nakato wa duka la jirani, Mganda asiyenipa sifa bure, alishika ile suruali nyeupe ya Shangazi akasema hata mke wa waziri hana.

Shangazi alikuja kutoka Rejaf na begi moja na gunia moja. Katika begi: Biblia, ndala za tairi, gauni mbili na lawa. Kwa wageni wa mji huu, lawa ni kile kitambaa tunachofunga fundo begani, kikashuka juu ya gauni. Hii ilikuwa ya manjano kali yenye samaki wekundu, manjano ambayo hata kipofu angeuliza ni nini. Ilikuwa nusu. Kitambaa kilikuwa kimoja, nikakikata mwenyewe kwa mkasi huu huu, nusu nyingine ikaenda kwa Keji mwaka jana na msafiri wa Kairo. Dada hawa walikuwa wamekubaliana kwamba siku ya kuonana kila mmoja atavaa nusu yake, kwa sababu nyuso zao hawakuziamini tena.

Nikamwonyesha Shangazi nguo zote sita nilizomshonea, kituo kwa kituo. Akazitazama kwa adabu. Akasema nzuri sana, azivae nani?

Gunia sikuliuliza. Hapo nilikosea.

Na kabla sijaondoka Juba lazima niseme habari ya saa yake ya mkononi, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Mnakumbuka serikali ilipoturudisha nyuma saa moja, tukaacha kwenda pamoja na Uganda na Kenya. Shangazi aligoma karibu mwaka mzima. Padri ndiye aliyemshinda, kwa sababu alikuwa anafika kanisani mlango ukiwa umefungwa. Akairudisha saa yake nyuma, akaapa. Wala si mara moja nimesikia kiapo hicho, na aliniambia tena tukiwa ndani ya ndege, kwa Kiswahili chake cha Uganda: "Mimi nasongeza hii saa mara moja tu. Mtu akitaka tena, ikuje isongeze yenyewe."

Uwanja wa ndege: siku iliyoliwa

Ndege ilikuwa iondoke usiku wa manane. Asubuhi ikapita. Mchana tukapewa soda na biskuti, na tangazo kwamba tusubiri kidogo. Kidogo cha uwanja wa ndege si kidogo cha nyumbani. Shangazi alitandika kanga sakafuni, akavua viatu, akaanza kupatanisha mke na mume waliokuwa wanagombana kwenye viti vya jirani. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole: tukikosa ndege ya kuunganisha Kairo, tumekosa ile siku nzima ya Aswan.

Tuliikosa. Tuliondoka Juba jua likishuka, tukalala vitini Kairo, na Keji, ambaye alikuwa ameshafunga safari mpaka Aswan na lawa yake, alisubiri kutwa nzima akarudi kwake Daraw jioni. Tulimpigia kwa simu ya msafiri mmoja Mkenya, maana yangu ilikuwa haina laini ya huko, nilipanga kuinunua Aswan katika siku hiyo hiyo iliyoliwa. Shangazi alizungumza naye kwa Kibari dakika mbili. Akarudisha simu, akashukuru. Nilitaka kulia. Yeye akaniambia nile biskuti.

Aswan: kilichokuwa ndani ya gunia

Tulifika Aswan kesho yake asubuhi, na gari likatupeleka moja kwa moja melini. Mji niliuona kupitia kioo tu. Meli yenyewe ilikuwa na ghorofa nne, bwawa la kuogelea juu, na kijana wa kushika mlango mwenye glavu nyeupe. Mhudumu wa vyumba vyetu alikuwa mtu mzima aitwaye Mahmud, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele zangu. Alimwinamia Shangazi, akamwita hajjah.

Shangazi alimwambia kwa Kiarabu chetu cha Juba kwamba yeye ni Mkatoliki wa Rejaf na Makka hajafika. Mahmud akacheka, akaeleza kwamba huko kila mama mwenye heshima ni hajjah. Kiarabu chetu alikielewa kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabovu, lakini alikielewa, na sisi chake hivyo hivyo. Ndipo Shangazi akaniambia kwamba kuanzia sasa siri zote ni kwa Kiswahili. Kiarabu wanakijua Wamisri, Kiingereza wanakijua wazungu, Kiswahili chetu wenyewe.

Siri ya kwanza ilikuja baada ya robo saa. Mahmud alileta taulo, akasimama mlangoni, pua ikacheza. Akaangalia bomba, akaangalia choo, akainama chini ya kitanda. Nami nikanusa, na hapo nikajua gunia lina nini. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, gunia zima, kutoka Rejaf.

Ardhi ingepasuka ningeingia. Nikamuuliza Shangazi kwa Kiswahili amefikiria nini, kubeba samaki wa Nile kuwapelekea watu wanaokaa juu ya Nile. Akasema Keji alipoondoka hakula chakula cha mwisho nyumbani, sasa atakula.

Mahmud alilifungua gunia, akachukua kipande, akanusa, akauliza kimetoka wapi. Shangazi akamweleza, kutoka juu, kule maji yanakotoka. Yule bwana akasema bibi yake alikuwa Mnubi na alikuwa anakausha samaki. Akabeba gunia lote mpaka jikoni, akalifunga kwenye plastiki, akaliweka kwenye friji kubwa. Kipande kimoja alikihamisha mfukoni mwake, nilimwona, nami nikajifanya sijaona.

Tukashuka kwenda kula. Meza zilikuwa zimepanguswa, watu wameshakunywa chai, mpishi ameshavua kofia. Shangazi akaonyesha saa yake: saa tatu na nusu, wakati wa chai ya asubuhi. Mhudumu akaonyesha saa ya ukutani: saa nne na nusu. Wamisri nao, kumbe, wakati wa joto husogeza saa zao mbele. Walituhurumia wakatuletea ful, na ful ni ful, hata Juba tunakula maharage hayo, ila ya kwao ina limau na ya kwetu ina heshima. Mimi nikabadilisha saa ya simu yangu pale pale mezani. Shangazi akafunika ya kwake kwa kiganja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibika, na mimi ndiye niliyejiona mwerevu. Intaneti ilikuwepo ndani ya meli tu. Ratiba ilisema tutafunga gati Kom Ombo saa kumi jioni na kuondoka saa kumi na moja. Saa moja tu, kwa miaka thelathini. Nikamwambia Shangazi amtumie Keji ujumbe wa sauti, na kwa kuwa nilijua ukaidi wa mkono wake nilimkataza kabisa kutazama ile saa. Nikamlisha maneno: mwambie saa kumi. Ni saa ya Misri, saa ya Keji, asipate shida. Akasema hivyo hivyo. Ujumbe ukaenda, ukapata alama zake mbili, na meli ikang'oa nanga.

Kom Ombo: gatini

Hekalu la Kom Ombo liko juu ya kilima kidogo kando ya maji, unaliona ukiwa bado melini. Kiongozi wetu alisema lilijengwa kwa miungu wawili, kila mmoja na mlango wake. Hayo ndiyo yote ninayojua kuhusu hekalu hilo.

Shangazi alikuwa amesimama langoni tangu saa tisa na nusu. Alivaa gauni la bluu nililomshonea chini, lawa ya manjano juu, na miguuni ndala za tairi. Nilimbembeleza avae viatu vyeupe nilivyomnunulia, kama vyangu. Akakataa. Tuliposhuka tu, ngazi ya kwanza ya mawe iling'oa soli yangu ya kulia kama ganda la ndizi, nikabaki nachechemea mbele ya wazungu wa nchi tatu. Shangazi alinipita akipiga tap, tap, tap na tairi zake, wala hakugeuka.

Watu walipanda hekaluni. Sisi tulibaki gatini, kati ya wauza skafu na wauza kofia. Kila aliyekuja kutuuzia aliona ile manjano akaanza kuuliza bei yake. Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu. Kila mwanamke mrefu aliyetokea upande wa barabara moyo wangu uliruka, na kila mara ilikuwa gauni jeusi au jani la mgomba. Shangazi alikuwa anarekebisha fundo la begani, analifungua, analifunga upya. Nikaanza kusema labda gari limeharibika. Akaniambia ninyamaze, anasikiliza. Anasikiliza nini, sijui.

Saa kumi na dakika hamsini honi ililia. Watalii wakashuka kilimani. Kiongozi akatuhesabu, akatuita. Shangazi akakataa kupanda.

Nilimwambia meli haisubiri mtu. Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Basi iende. Wewe enda, mimi iko hapa."

Nilimwonyesha jua lilipofika, nikamwuliza atalala wapi, na Daraw ataifikaje, na kama Keji amekwama njia nyingine watapotezana tena katika nchi ya watu, na yeye hana hata simu. Nilimshika mkono nikalia, sitaficha. Yeye aliyenibeba mgongoni mpaka Uganda, mimi ndiye niliyemvuta kumpandisha kwenye lile daraja la mbao, na Mahmud akisukuma kwa upole kutoka nyuma. Sijawahi kujichukia vile. Kamba ikafunguliwa, maji yakaanza kutokea kati yetu na gati.

Simu yangu ikashika intaneti, ikalia. Ujumbe wa Keji, ulitumwa saa nzima kabla. Nikausikiliza mbele ya Shangazi: dada, usijali, nimekusikia, saa kumi ya kwako ni saa kumi na moja ya kwetu, ninakujua, hujasogeza hiyo saa yako. Nitakuwa hapo saa kumi na moja kamili.

Mmeona? Mimi nilimgeuzia Keji saa kwa heshima, na Keji akamgeuzia dada yake saa kwa heshima. Kila mmoja alimwachia mwenzake saa moja, na hiyo saa moja ndiyo tuliyokuwa nayo. Angekuwa mgeni, angefika kwa wakati. Alichelewa kwa sababu anamjua dada yake.

Shangazi hakusubiri nimalize kueleza. Alipanda ngazi zile za meli, ghorofa nne, kwa miaka yake sabini, nami nyuma na kiatu kimoja. Juu kabisa, kati ya vitanda vya kuota jua, alifungua fundo la begani, akaishika lawa kwa mikono miwili, akaipeperusha. Wazungu waliinua vichwa kwenye bwawa.

Na gatini, kati ya wale wauza skafu, akatokea mtu anakimbia. Mdogo kwa umbali, lakini manjano haidanganyi. Alifika ukingoni akasimama, akatazama meli moja, ya pili, akatuona. Akaivua ya kwake akaipeperusha.

Shangazi alipiga kigelegele ambacho naamini kilisikika mpaka Rejaf. Kutoka ukingoni kikajibiwa. Mahmud alikuja mbio, akaelewa bila kuambiwa, akaweka mikono mdomoni akawapigia kelele wauza skafu: Edfu, asubuhi, saa kumi na mbili, saa ya Misri! Wale wauzaji wakapokezana maneno mpaka yakamfikia Keji. Akainua mkono. Akaanza kurudi barabarani kwa hatua za mtu mwenye kazi.

Ndani ya meli: jioni ya nguo nyeupe

Jioni hiyo ilikuwa ile ya nguo nyeupe, na mimi, Mungu anisamehe, bado nilikumbuka suruali niliyoshona. Shangazi aliingia ukumbini na manjano yake. Alisema amemwahidi Keji hataivua mpaka washikane, na kule juu hakuivua, aliipeperusha tu. Ukumbi mzima mweupe kama wodi ya hospitali, na katikati samaki wekundu wanatembea. Meneja alikuja kuuliza kwa heshima. Mahmud alimnong'oneza habari yote, meneja akaondoka akifuta macho, na meza ya Wajerumani wakasimama wakapiga makofi. Shangazi aliniuliza kwa Kiswahili wamefurahia nini. Nikamwambia nguo. Akasema basi nimshonee mmoja wao, watalipa vizuri.

Alikula sahani mbili.

Edfu: aliyewahi na aliyechelewa

Kumepambazuka tu meli ikagusa gati la Edfu. Magari ya farasi yalikuwa yamepangwa kwenye mstari mrefu, kengele zinalia, wenye farasi wanagombania watalii ambao bado hawajaosha uso. Kwenye gari la kwanza kabisa, ameketi nyuma kama bibi harusi, alikuwepo mwanamke mwenye lawa ya manjano. Alikuwa amefika jana hiyo hiyo kwa lori la vitunguu, akalala kwa mama muuza chai, na mwenye farasi alikuwa amempa kiti bure baada ya kusikia kisa chake.

Shangazi alishuka daraja polepole mno. Nilidhani miguu. Baadaye aliniambia alikuwa anamtazama vizuri, kwa sababu aliondoka msichana na sasa amekuja na sura ya mama yao. Keji naye akashuka garini. Wakasimama hatua mbili mbali, manjano kwa manjano. Walizungumza Kibari, ninawatafsiria.

Keji alisema, "Umechelewa."

Shangazi akatazama mkono wake. "Saa yangu inasema saa kumi na moja. Nimewahi."

Hapo ndipo waliposhikana. Sitaeleza zaidi, nilikuwa nimegeuka nimewapa mgongo, nalia ukutani kama mtoto aliyechapwa. Mwenye farasi naye analia. Farasi tu ndiye aliyekuwa na akili timamu.

Ratiba ilitupa saa tatu Edfu. Hekalu la Edfu, nimesikia, ni kubwa na zuri ajabu. Sisi tulikaa kwenye ngazi za gati. Mahmud alishusha gunia la samaki mwenyewe, na mkate wa moto kutoka jikoni, na vitunguu. Keji alishika samaki wa kwanza, akamgeuza, akamnusa muda mrefu na macho yamefumbwa. Akala na mifupa. Mwenye farasi akala, mama muuza chai akafuata, na Mahmud akala waziwazi safari hii. Lile daftari langu la mistari, kituo na saa na nguo, nililitandika chini tukawekea mifupa.

Walipokwisha kula Keji akavua saa yake, akavuta kile kijifundo cha pembeni, akairudisha nyuma saa moja. Nikamwambia shangazi mdogo, utachelewa kila mahali katika nchi hii. Akasema anajua. Akasema miaka yote dada yake akiamka Rejaf, yeye hajui ameamka saa ngapi, na sasa anataka kujua. Shangazi alimtazama akimaliza, akaushika ule mkono akalinganisha saa mbili, mshale kwa mshale. Kwa Shangazi, huko ni kuhutubia.

Luxor, halafu nyumbani

Honi ilipolia Edfu hakuna aliyelia tena. Keji alipanda treni, sisi tukapanda meli, na alitushinda kufika Luxor. Tulimkuta gatini amenunua machungwa. Siku mbili tulikuwa naye. Makaburi ya wafalme tuliingia moja, Shangazi akasema mtu aliyekufa hahitaji vyumba vingi hivyo, tukatoka tukaenda kukaa kivulini. Suruali nyeupe aliivaa Keji. Ilimkaa kama niliipima kwake, na aliondoka nayo, pamoja na zile nguo nyingine zote ambazo Shangazi alikataa. Basi wiki zangu tatu hazikupotea.

Tulipoagana stesheni, Shangazi alimwambia mdogo wake jambo moja tu, kwamba nyumba ya Rejaf ina chumba chake na paa limebadilishwa. Keji akajibu kwamba Krismasi si mbali. Mimi nimeshaanza kumshonea.

Ndege ya kurudi iliondoka kwa wakati, jambo ambalo Shangazi aliliona ni la kutiliwa shaka.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya nifunike cherehani leo. Kwa wiki tatu baada ya safari Keji aliishi Daraw kwa saa ya Juba. Alichelewa sokoni, alichelewa kliniki, majirani wakadhani amezeeka ghafla. Ijumaa hii ya mwisho wa Oktoba Shangazi alikuwa hapa barazani kwangu anachambua mboga, simu ikalia, nikaiweka sauti ya nje. Keji alikuwa anacheka hata maneno hayatoki. Akasema dada, Wamisri wamerudisha saa zao nyuma. Joto limekwisha. Wote, mpaka msikitini, mpaka stesheni, mpaka serikali. Nchi nzima imekuja kwenye saa yako.

Shangazi aliweka mboga chini, akafuta mikono kwa lawa. Akanitazama mimi, akamtazama Mama Nakato aliyekuwa amekuja kukopa mkasi, kuhakikisha tuko wote tunasikia.

"Mimi nilisema," alituambia. "Mimi nasongeza mara moja tu."

Kisha akaisogelea simu, akamuuliza Keji kwa Kibari, kwa sauti ndogo, huko ni saa ngapi. Keji akasema saa tatu kasoro robo. Shangazi akatazama mkono wake, saa tatu kasoro robo. Akauliza tena, na Keji akamjibu tena.